Lamprechtsofen: pango la kina kirefu linaloingiliwa kutoka chini

Karibu mapango yote yenye kina kirefu zaidi duniani hayana nafasi kwa mtu wa kawaida. Veryovkina, ambalo kina chake kimepita mita 2,200, na Krubera, linalolifuata kwa tofauti ndogo mno, yote mawili yamo katika milima ya Arabika huko Abkhazia, eneo lililojitenga na Georgia. Milango yake ni matundu yaliyo juu mlimani, ambamo wachunguzi hushuka kwa kamba shimo baada ya shimo, hupiga kambi gizani kwa siku kadhaa, kisha hutumia siku nyingine kadhaa kujivuta kurudi juu. Huko hakuna anayekata tiketi. Lamprechtsofen la Austria ni habari nyingine. Kina chake kilichopimwa ni mita 1,735, nacho kinaliweka katika kundi dogo la mapango marefu kwenda chini kuliko yote yanayojulikana, na hata hivyo mlango wake uko bondeni, kando ya barabara, ambapo mtu yeyote mwenye viatu vizuri na magoti mazima anaweza kulipa kiingilio na kuingia.

Swali nililokwenda nalo lilikuwa la mtu mwenye mashaka: je, njia ya wageni ambayo haizidi sana mita 700 inaweza kumfundisha mtu chochote cha maana kuhusu pango la ukubwa huo, au ni jina kubwa tu lililobandikwa mlangoni? Jibu langu ni kwamba inafundisha, tena mambo ambayo mapango mengi mazuri zaidi hayafundishi, ila kwa sharti kwamba mgeni aingie akijua anachokitazama. Anayeingia akitafuta mapambo atatoka akinung'unika.

Pango hili liko katika bonde la mto Saalach, karibu na kijiji cha Weißbach bei Lofer katika jimbo la Salzburg, chini ya milima ya chokaa iitwayo Leoganger Steinberge. Linasimamiwa na tawi la Passau la Chama cha Milima cha Ujerumani, na limekuwa wazi kwa wageni tangu 1905. Kabla ya hapo lilikuwa na sifa ya aina nyingine, kwa kuwa hadithi za wenyeji zilisema kuna hazina iliyofichwa ndani, na watafutaji wakawa wengi kiasi kwamba mwaka 1701 mlango ulizibwa kwa ukuta ili kuwazuia. Hazina haikupatikana.

Jambo la kwanza ambalo ziara hii inalirekebisha kichwani ni maana yenyewe ya kina. Wengi wetu tukisikia kwamba pango lina kina cha mita 1,735 tunafikiria mtu aliyesimama mlangoni akitazama chini. Lakini kina cha pango hupimwa kama tofauti ya mwinuko kati ya sehemu yake ya juu kabisa inayojulikana na sehemu yake ya chini kabisa, bila kujali binadamu anaingilia wapi. Lamprechtsofen linaingiliwa karibu na mwisho wake wa chini. Ukipita mlango, njia haishuki, bali inapanda, na kile kina chote kinachotajwa kwenye orodha za dunia kiko juu yako, ndani ya mlima, katika mashimo ya wima na vijia vinavyoelekea kwenye matundu yaliyo karibu na vilele. Nilipokuwa nikipanda vipandio vya mwanzo nilijikuta nikitazama juu kila mara, jambo ambalo sikumbuki kulifanya katika pango jingine lolote la kitalii. Dari lilikuwa pale pale, mita chache tu juu ya kichwa, lakini akili ilikuwa inahesabu kilichobaki.

Hali hiyo ndiyo iliyoifanya historia ya uchunguzi wake iwe ya kipekee. Mapango mengi makubwa hushukwa, hili lilipandwa. Wachunguzi walioingia kutoka bondeni walilazimika kukwea mashimo kutoka chini, wakipigilia vyuma ukutani katika maporomoko ya maji baridi, kazi iliyo ngumu na ya polepole kuliko kuteremka kwa kamba. Wakati huo huo vikosi vingine, hasa vya Wapolandi, vilikuwa vinatafuta matundu juu mlimani na kushuka. Mwaka 1998 wachunguzi wa Poland waliunganisha pango la juu lililoitwa PL-2 na Lamprechtsofen, kina kikafika mita 1,632, na kwa muda likawa ndilo pango lenye kina kirefu zaidi duniani kwa vipimo vya wakati ule. Taji hilo lilipotea mapema 2001, pale Krubera lilipopita mita 1,700. Mwaka 2004 Krubera hilo hilo likawa pango la kwanza kufikia kina cha zaidi ya mita 2,000, kupitia kikosi cha wachunguzi wa Ukraine, na baadaye Veryovkina likalipita. Lamprechtsofen nalo halikusimama, kwani muunganiko mwingine wa mwaka 2018 ndio uliolipa mita 1,735 za sasa.

Sasa tuje kwenye kinachoonekana. Ndani kuna baridi, kuna unyevu, na kuna maji. Maji ndiyo mwenyeji halisi wa mahali hapa. Unayasikia kabla hujayaona, na katika sehemu kadhaa sauti yake hufanya mazungumzo yawe ya kupaza sauti. Kuta nyingi ni mwamba mtupu wa rangi ya kijivu, uliolainishwa. Stalaktiti na stalagmiti, yale mawe yanayoning'inia na yale yanayoinuka kutoka sakafuni ambayo ndiyo hujaza postikadi za mapango, hapa ni haba. Nilimsikia mgeni mmoja nyuma yangu akisema kwamba pango hili halina kitu. Ninaelewa kwa nini alisema hivyo, lakini ninaona alikuwa amelisoma kinyume.

Ili kueleza kwa nini, inabidi kurudi kwenye jinsi pango linavyozaliwa. Maji ya mvua hubeba kiasi kidogo cha kaboni dioksidi kutoka hewani, kisha yanapopenya kwenye udongo hupata nyingi zaidi, kwa sababu mizizi na vijidudu hupumua humo na gesi hiyo hujikusanya kwa wingi kuliko ilivyo juu ya ardhi. Maji na gesi hiyo hutengeneza asidi ya kaboni. Ni asidi dhaifu sana, mtu hunywa ile ile ndani ya soda bila kudhurika, lakini mwamba wa chokaa huyeyuka ndani yake. Maji hayo huingia kwenye nyufa za mwamba, mwanzoni nyufa nyembamba zisizofika hata milimita moja, na kuanza kuzila kingo.

Hapa kuna fumbo ambalo mgeni anayetafakari kidogo atalifikia mwenyewe. Ikiwa asidi inakula mwamba tangu inapoingia, kwa nini isiishe nguvu yote katika mita chache za kwanza, na kuacha mlima mzima chini yake ukiwa haujaguswa? Jibu ni kwamba maji yanapokaribia kushiba chokaa, kasi ya kuyeyusha hushuka ghafla sana, na kile kidogo cha nguvu kinachobaki husafiri mbali, ndani kabisa ya mlima, kikila mwamba polepole mno kila kinapopita. Kwa maelfu mengi ya miaka hakuna kinachoonekana kutokea. Halafu ufa mmoja, uliopata bahati ya kuwa mpana kidogo kuliko wenzake, unafika upana wa kiasi cha milimita kadhaa kutoka mwanzo hadi mwisho wake, maji yanaanza kupita kwa kasi kabla hayajashiba, na kuanzia hapo upanuzi unakuwa wa haraka kwa kipimo cha jiolojia. Ufa huo hunyang'anya maji ya nyufa za jirani, nazo hubaki nyembamba milele. Ndiyo maana mlima wenye nyufa mamilioni huwa na mapango machache makubwa badala ya kuwa na matundu kila mahali.

Kuna njia nyingine ya maji kupata nguvu upya, ambayo mgeni asingeitarajia. Mijito miwili ambayo kila mmoja umeshashiba chokaa, lakini kwa viwango tofauti vya kaboni dioksidi, ikikutana hutoa mchanganyiko ambao una uwezo wa kuyeyusha tena. Mahali pa makutano hupanuka. Nikiwa katika pango lolote sasa, kila ninapoona njia mbili zinaungana na ukumbi kutanuka hapo hapo, hilo ndilo ninalolifikiria kwanza, ingawa mara nyingine sababu ni kuporomoka tu kwa dari.

Baada ya kujua haya, kuta tupu za Lamprechtsofen zinaanza kusema. Njia iliyochimbwa wakati ilipokuwa imejaa maji hadi darini huwa ya mviringo au ya duaradufu, kwa sababu maji yaliligusa jiwe pande zote. Njia iliyochimbwa na kijito kinachotiririka sakafuni, juu yake kukiwa na hewa, huwa nyembamba na ndefu kwenda chini, kwa sababu maji hukata sakafu peke yake. Pale ambapo bomba la mviringo lilikauka nusu na kijito kikaendelea kukata chini yake, umbo hilo la jumla hufanana na tundu la ufunguo, na anayelitambua anakuwa ameona ukutani siku ile ambayo kiwango cha maji mlimani kilishuka, kwa kawaida kwa sababu mto wa bonde ulikuwa umejichimba zaidi na chemchemi ikahamia chini.

Ninamshauri kila mgeni asimame mahali fulani, asogeze uso karibu na ukuta bila kuugusa, na atafute vikombe vidogo vilivyochongwa kwenye jiwe, kimoja kando ya kingine. Vimechongwa na mzunguko wa maji yanayopita kwa kasi. Kila kikombe kina upande mmoja wenye mteremko mkali na upande mwingine ulio mlegevu, na upande mkali ndio ulio juu ya mkondo, yaani maji yalitoka huko. Ukubwa wake nao ni taarifa: vidogo vya sentimita chache vinaonyesha maji ya kasi, vipana kama sahani vinaonyesha maji ya polepole. Kwa hiyo mtu asiye na kifaa chochote anaweza kusimama mbele ya ukuta mkavu, akasema mto ulikwenda upande gani na ulikuwa na haraka kiasi gani, hata kama mto wenyewe uliondoka hapo zamani sana.

Mapambo ni suala la baadaye. Stalaktiti hukua pale ambapo maji yaliyobeba chokaa yanafika kwenye hewa ya pango yenye kaboni dioksidi kidogo kuliko udongo yalikotoka. Gesi hutoka kwenye tone, na chokaa isiyoweza tena kubebwa hubaki kwenye jiwe. Watu wengi hudhani tone hukauka, lakini hewa ya pango kwa kawaida imejaa unyevu na kukauka ni kwa shida. Kazi hii inahitaji udongo mnene juu na maji ya kudondoka taratibu. Juu ya milima mirefu ya baridi udongo ni haba na kaboni dioksidi ni kidogo, na ndani yake maji huja kwa kishindo, hivyo mapambo hupungua. Pango lililojaa stalaktiti, kwa namna fulani, ni pango lililostaafu. Lamprechtsofen bado liko kazini, na hilo ndilo linalonifanya nilipe alama za juu kuliko uzuri wake unavyostahili.

Bila shaka si kila pango hutengenezwa hivi. Kazumura la Hawaii ni bomba lililoachwa na lava iliyoganda juu huku ikiendelea kutiririka ndani, na kwa kufuata mteremko wa volkano limefikia tofauti ya mwinuko ya kiasi cha mita 1,100 bila asidi yoyote. Lechuguilla la New Mexico nchini Marekani lilichimbwa zaidi na asidi ya salfa iliyotokana na gesi iliyopanda kutoka chini. Hayo ni ya siku nyingine.

Swali ambalo ziara ya Lamprechtsofen inaliamsha bila kulijibu ni kwa nini mapango fulani yanashuka mita elfu mbili na mengine yanakomea mita hamsini, ilhali kemia ni ile ile. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo tamu kuliko yote katika somo la mapango. Maji hushuka tu mradi kuna mahali pa chini pa kutokea na kuna chokaa njia nzima. Kwa hiyo kina hutegemea unene wa tabaka la chokaa, umbali ambao tabaka hilo limeinuliwa na nguvu zinazokunja milima, na uchini wa chemchemi. Palipo na tabaka la udongo mfinyanzi au mwamba usioyeyuka katikati, maji hutambaa juu yake na kutokea ubavuni mwa mlima, na pango linakoma hapo.

Arabika lina vyote. Chokaa yake imeinuliwa hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na imelala kwa mteremko hadi ufukweni na hata chini ya Bahari Nyeusi. Mwaka 1984 rangi ilitiwa kwenye maji ya pango moja juu mlimani, nayo ikaibukia kwenye chemchemi za pwani. Jaribio hilo lilionyesha, miaka mingi kabla mtu hajafika huko kwa miili, kwamba mlimani kulikuwa na njia ya maji yenye kina kinachoweza kupita mita 2,000, na kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta nyufa ambazo binadamu anaweza kupenya. Lamprechtsofen ni mfumo wa aina hiyo hiyo kwa kipimo kidogo kidogo: mvua na theluji huingia karibu na vilele, zinashuka ndani ya mlima, na kutokea bondeni. Tofauti ni kwamba hapa mgeni anaruhusiwa kusimama kwenye mlango wa kutokea maji.

Sina budi kulinganisha na huduma nyingine, maana tathmini isiyo na kipimo cha pembeni ni maneno tu. Kwa anayetaka kuona kazi ya maji kwa ukubwa, hakuna ziara niijuayo inayoishinda ile ya mapango ya Škocjan nchini Slovenia, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1986. Huko mto mzima, Reka, unaingia ardhini mbele ya macho yako, na kuibuka tena zaidi ya kilomita 30 mbali, upande wa Italia, kwa jina la Timavo. Ziara yenye mwongozaji huanzia katika pango lililo tulivu, lenye stalagmiti kubwa, kisha njia inapinda na mgeni anajikuta kwenye ukingo wa korongo la chini ya ardhi ambalo dari lake linapotea gizani. Daraja la Cerkvenik linavuka korongo hilo kwa kimo cha kama mita 45 juu ya mto. Kwenye kuta za upande wa pili zinaonekana ngazi za kale zilizochongwa kwenye mwamba na wachunguzi wa karne ya 19 pamoja na wenyeji waliowasaidia, vipandio vyembamba visivyo na kitu cha kuangukia isipokuwa maji. Mbele zaidi, mahali ambapo wageni hawafiki, kuna ukumbi wa Martel wenye urefu wa zaidi ya mita 300 na kimo cha karibu mita 150. Mafuriko ya mwaka 1965 yalipandisha maji ndani ya korongo kwa zaidi ya mita 100, na ukiwa juu ya daraja takwimu hiyo huacha kuwa takwimu.

Škocjan ni ziara bora kwa macho, na kwa mtu anayekwenda pangoni mara moja tu maishani ningemwelekeza huko bila kusita. Hata hivyo halimfundishi mtu kina. Ni pango la mto mkubwa unaopita karibu kwa ulalo, na ukumbusho wa pekee wa wima ni yale mabonde mawili yaliyotokana na dari kuporomoka. Slovenia hiyo hiyo ina mashimo ya wima ya kutisha katika milima ya Kanin, likiwemo Vrtiglavica ambalo ni shimo moja mfululizo la mita 603, lakini huko tena tunarudi kwa watu wa kamba.

Upande wa pili wa kipimo kuna pango moja la kitalii, ambalo sitalitaja, lililonifanya nithamini ukavu wa Lamprechtsofen. Taa zake zilikuwa za rangi zote, nyekundu hapa, bluu pale, zambarau kwenye nguzo kubwa, na mwongozaji alitumia karibu muda wote kutuonyesha jiwe linalofanana na mamba, jingine linalofanana na mtawa, jingine na mkono. Hakusema neno moja juu ya chokaa wala maji. Kuzunguka kila taa palikuwa na utando wa kijani, mwani ulioota kwa sababu taa zinaachwa zikiwaka muda mrefu mahali ambapo mwanga haukuwahi kuwapo, na utando huo hula uso wa stalaktiti polepole. Mapango yanayosimamiwa vizuri hutumia taa zenye mwanga hafifu zinazozimwa kundi linapopita, na ningependa wageni walitazame hilo kabla ya kutoa sifa. Kona yenye kijani mbichi ndani ya pango ni kasoro, hata kama inapendeza kwenye picha.

Nirudi kwenye Lamprechtsofen na mambo ya vitendo. Njia imejengwa, ina vishikio vya chuma na vipandio vingi, baadhi vikiwa vinadondokewa na maji, kwa hiyo viatu vyenye soli inayoshika ni lazima na mikono inapaswa kuwa huru. Koti linahitajika hata siku ambayo nje kuna jua kali. Siku za joto hewa baridi ya ndani ya mlima huwa nzito kuliko ya nje, ikateremka na kutokea milango ya chini, kwa hiyo upepo unaokupiga mlangoni ni pango lenyewe linalopumua kupitia matundu yaliyo mamia ya mita juu. Majira ya baridi mwelekeo hugeuka. Ziara inachukua chini ya saa moja kwa mwendo wa kawaida, na anayetaka kusimama kwenye kuta kama nilivyoeleza ajipe muda zaidi na kuchagua saa ambayo hakuna makundi makubwa. Mtoto anayeweza kupanda ngazi ndefu bila kubebwa ataifurahia. Mtu mwenye shida ya moyo au ya magoti asijilazimishe, kwa kuwa anachokosa kwa macho ni kidogo na anachopandishwa ni kingi.

Jambo zito ni mvua. Kila kilichoelezwa hapo juu kuhusu maji yanayoingia juu na kutokea chini kina tafsiri ya moja kwa moja kwa usalama: mvua kubwa au theluji inayoyeyuka upesi kwenye vilele hufika kwenye njia ya wageni, na maji yamewahi kupanda na kuwafungia watu ndani ya pango hili. Katika mapango ya kina hilo ndilo tishio kuu kuliko kuanguka. Septemba 2018 kikosi kilichokuwa karibu na mwisho wa Veryovkina kililazimika kuacha kambi na kukimbilia juu kwa kamba huku maji yakijaza mashimo nyuma yake. Walitoka wakiwa hai, lakini vifaa vyao vingi vilibaki chini. Mgeni wa Lamprechtsofen hayuko katika hatari ya namna hiyo mradi afuate maagizo ya wahudumu. Wakifunga pango siku ambayo bondeni kuna jua, asibishane nao, kwa sababu kinachowahusu ni hali ya hewa ya mita elfu mbili juu, ambayo yeye haioni. Kwa sababu hiyo hiyo, anayesafiri kutoka mbali apige simu asubuhi ya siku ya ziara kabla ya kuondoka, na asipange Lamprechtsofen kuwa kituo cha mwisho cha safari, ili likifungwa apate siku nyingine ya kurudi.